Sumaku, betri na tope la Luiche

Kifaa chenyewe kilikuwa vipande viwili vya plastiki nyeusi, kila kimoja kimefungiwa sumaku ndani, vinavyokumbatia bomba na kubanwa kwa skrubu. Hakina waya, hakina chujio, wala hakigusi maji. Muuzaji aliyekipeleka kwa kikundi cha akina mama wakamua mawese, katika kijiji kimoja cha bonde la Luiche nje ya mji wa Kigoma, aliwaambia kwamba sumaku itavuta tope na maji yatatoka masafi. Walilipa kwa fedha za mfuko wa kikundi, tena msimu ambao mawese hayakuwa na bei. Kwa ajili hiyo naona kisa hiki kinastahili kuelezwa chote pamoja na hesabu zake, maana vifaa vya namna hii bado vinatembezwa vijijini, na anayeulizwa kama vinafanya kazi mara nyingi hujibu kwa kubahatisha.

Kukamua mawese kunataka maji mengi. Chikichi huchemshwa kabla ya kukamuliwa, na mafuta yakishatoka huchemshwa tena na maji ili yapande juu na uchafu ubaki chini. Mvua zikishakolea, kati ya Novemba na Aprili, Luiche hushuka kutoka milimani ikiwa nyekundu. Tope hilo huingia kwenye pipa, likaingia kwenye mafuta, na mwisho wake ni mteja anayerudisha dumu akilalamika kwamba mawese yana mchanga. Maji hayo hayo ndiyo wanayokunywa wakiwa kazini.

Nilipofika, mwenyekiti alinipa kiti, tukasalimiana mpaka tukamaliza, ndipo akasema: “Mwalimu, wewe unawafundisha watoto wetu habari za sumaku. Hebu tuambie kama tumeliwa.”

Mhazini, ambaye ndiye aliyeidhinisha malipo, hakulipenda neno hilo. “Tumeliwaje, mama? Mbona tangu kifungwe maji ya tanki ni afadhali? Hata wewe umeyaona.”

Na kweli yalikuwa afadhali. Ugumu wa kisa uko hapo: mhazini hakuwa anajitetea tu, alikuwa anasema alichokiona kwa macho yake. Kumwambia mtu kwamba alichokiona hakipo si jibu. Lazima uoneshe kilitoka wapi.

Kilitoka kwenye tanki. Kifaa kilifungwa kipindi kile kile kikundi kilipopandisha tanki la lita 2,000 juu ya mnara wa mbao. Zamani pampu ilimwaga maji moja kwa moja kwenye mapipa, yakatumika papo hapo. Sasa maji hupandishwa jioni, hulala usiku kucha yametulia, na asubuhi hutolewa kwenye koki iliyo shubiri moja juu ya sakafu ya tanki. Mchanga na tope zito hubaki chini ya koki. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, sifa yote ikaenda kwa lile lililouzwa kwa maneno mengi.

Tukachukua chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu. Moja ilijazwa kwenye bomba kabla ya kifaa, nyingine baada yake, pampu ikiwa inafanya kazi. Mwenyekiti mwenyewe alizitia alama kwenye kitako, pembeni, mtu mwingine asione, kisha akamwita mhazini achague ile iliyopita kwenye sumaku. Mhazini aliziinua zote mbili juani, akazitikisa, akaziweka ukutani, akazisubiri. Saa ilipita. Zote zilikuwa na mchanga mwembamba chini na wekundu ule ule juu. Alizitazama muda mrefu, kisha akasema hawezi kuchagua. Nilimheshimu sana kwa jibu hilo.

Kwa nini wekundu hauzami

Tope la mto ni mchanganyiko wa vitu vya ukubwa mbalimbali, na ukubwa ndio unaoamua. Chembe ya mchanga yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita huzama milimita kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo ndoo nzima huachana na mchanga wake kabla hujamaliza kufunga mfuniko. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, huzama mikromita 1 hivi kwa sekunde. Kwenye ndoo yenye kina cha sentimita 30, safari hiyo ni siku tatu na nusu. Chembe yenye upana wa mikromita 0.2 huzama taratibu mara 25 zaidi, na hiyo ni karibu miezi mitatu ikiwa maji hayataguswa kabisa.

Lakini maji hayakai bila kutikisika. Molekuli za maji huigonga chembe kutoka kila upande na kuitupa huku na huko. Chembe ya mikromita 0.2 hutupwa kiasi cha mikromita 2 katika sekunde moja, wakati katika sekunde hiyo hiyo uzito wake umeizamisha mikromita 0.04 tu. Chembe kama hiyo haielekei chini kwa maana yoyote inayoweza kumsaidia mtu anayesubiri maji ya kupikia.

Zingegongana na kushikana zingekuwa vibonge, na vibonge vingezama. Hugongana kweli, mara nyingi sana, ila hazishikani kwa sababu ya umeme. Udongo wa mfinyanzi ukiwa ndani ya maji hubeba chaji hasi usoni mwake. Ioni chanya, yaani atomi zenye chaji chanya, zilizomo majini huvutwa na kuizunguka chembe, nyingine zimeshikamana nayo, nyingine zinaelea karibu, kama wapambe wanaomzunguka bibi harusi. Chembe mbili zikikaribiana, wapambe wa huku hukutana na wapambe wa kule kwanza, na chembe zenyewe husukumana kabla hazijagusana. Nadharia kamili ya kusukumana huko iliandikwa na wanasayansi Derjaguin na Landau mwaka 1941, na Verwey na Overbeek wakaifikia kwa njia yao na kuichapisha mwaka 1948.

Kinachomsumbua mkamua mawese wa Luiche, basi, ni chaji. Na chaji inaweza kushikwa.

Reuss, na kioo cha darubini

Mwaka 1807, huko Moscow, profesa Ferdinand Friedrich Reuss alichomeka mirija miwili ya kioo kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, akaijaza maji, akapitisha umeme wa betri ya Volta. Kwenye mrija wenye ncha chanya maji yalichafuka: chembe za udongo zilipanda kuifuata ncha hiyo. Kwenye mrija wenye ncha hasi maji yalibaki safi, ila kimo chake kiliongezeka. Kwa jaribio moja aliona mambo mawili: uga wa umeme, yaani eneo ambalo nguvu ya umeme inafika, husukuma chembe ndani ya maji, na pale udongo unapokaa mahali pamoja, uga huo husukuma maji yapite katikati yake. Ni jaribio ninalolipenda kuliko mengi, kwa sababu halikuhitaji kitu chochote ambacho shule ya Kigoma inakikosa leo.

Kasi ya chembe inajulikana kwa kanuni aliyoitoa Smoluchowski mwaka 1903: inategemea nguvu ya uga, mnato wa maji, na voteji iliyopo kwenye ukingo wa lile kundi la ioni linalosafiri na chembe. Kwa udongo wa mfinyanzi katika maji ya mto, voteji hiyo huwa kwenye makumi ya chini ya milivolti. Tukichukua milivolti 25, uga wa volti 1 kwa kila sentimita huisogeza chembe mikromita 2 hivi kwa sekunde. Jambo la kushangaza ni kwamba ukubwa wa chembe hauhesabiki hapa. Kubwa na ndogo huenda kwa kasi moja, ndogo zile zile ambazo uzito umeshindwa kuzizamisha.

Mwenyekiti na mhazini walikuja shuleni Jumamosi. Juu ya kioo cha darubini tulikuwa tumetengeneza chumba chembamba kwa vipande viwili vya kioo, tukachomeka risasi ya penseli kila upande, sentimita 3 kutoka moja hadi nyingine, na kuunganisha betri ya volti 9. Tone la maji ya Luiche likaingizwa humo. Mwanzoni mhazini aliona vumbi linalotetemeka bila kwenda popote. Waya ulipoguswa, vumbi lote lilianza kusafiri upande mmoja, taratibu, kila chembe bado ikitetemeka lakini yote kwa pamoja, kuelekea ncha chanya. “Zinakwenda!” Akaomba waya zigeuzwe. Zikasimama, zikarudi zilikotoka. Akaomba tena. Kisha akatoa kile kifaa mkobani, akakifungua, akasogeza sumaku moja mpaka karibu kugusa kioo, akarudi kuchungulia. Vumbi lilitetemeka palepale.

Anayetaka kurudia jambo hili ajue mtego mmoja, maana unaweza kumfanya akate tamaa. Kioo nacho kina chaji hasi kikiwa ndani ya maji. Kwa hiyo uga wa umeme huyasukuma maji yaliyo jirani na kioo kuelekea ncha hasi, na kwa kuwa chumba kimefungwa, maji hayo hurudi kupitia katikati. Chembe zilizo karibu na kioo zinaweza kuonekana zikienda upande usiotarajiwa, na zile za katikati zikikimbia kupita kiasi. Ukweli wa kasi ya chembe upo kwenye tabaka ambalo maji yenyewe yametulia, na katika chumba kipana chenye kina kifupi tabaka hilo huwa karibu moja ya tano ya kina kutoka juu, na jingine kiasi hicho kutoka chini. Zungusha kirekebisho cha darubini taratibu mpaka ufike hapo. Na usiongeze voteji ovyo: mapovu yataanza kwenye risasi za penseli na kuvuruga kila kitu.

Hesabu ya sumaku

Sumaku inaweza kuigusa chembe ya udongo kwa njia mbili tu, na inafaa zote mbili zipimwe, kwa kuwa muuzaji alizitaja zote katika sentensi moja.

Ya kwanza ni kuvuta kitu chenye usumaku. Hapa wengi hudhani nguvu ya sumaku peke yake inatosha. Haitoshi. Ndani ya uga ulio sawa kila mahali, chembe haivutwi kokote. Inavutwa pale tu uga unapokuwa mkali upande mmoja na dhaifu upande mwingine, na kani hutokana na ukali wa uga ukizidishwa kwa kiasi unavyobadilika kwa umbali. Sumaku za kawaida zikibanwa kwenye bomba, tuzipe ukarimu wa tesla 0.1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), uga ukipungua wote ndani ya sentimita moja. Udongo mwekundu wa kwetu una chuma, lakini kiko katika sura ya kutu, ambayo sumaku huivuta kwa unyonge mkubwa. Fanya hesabu, na kani inayopatikana kwenye chembe ya udongo wenye chuma kidogo ni kama sehemu moja ya mia mbili ya uzito wake ndani ya maji, uzito ule ule ambao umeshindwa kuizamisha.

Sasa weka muda. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 20, linalojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili, hupitisha maji kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde. Sumaku ina urefu wa sentimita 5. Chembe hukaa mbele yake sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika muda huo, chembe ya mikromita 1 inasogezwa na sumaku nusu nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikromita. Katika muda huo huo, kugongwa na molekuli za maji kumeitupa nanomita 300 upande wowote ule.

Njia ya pili ni ya chaji. Kitu chenye chaji kikipita ndani ya uga wa sumaku husukumwa kando. Ni kweli, na muuzaji aliposema “sumaku inagusa chaji ya tope” alikuwa na chembe ya ukweli mkononi. Lakini kani hiyo ni sawa na uga wa umeme unaopatikana ukizidisha kasi ya maji kwa nguvu ya sumaku: nusu mita kwa sekunde mara tesla 0.1, jibu ni volti 0.05 kwa mita. Mhazini alizisukuma chembe kwa volti 3 kwa sentimita, yaani volti 300 kwa mita. Sumaku ya bombani ni dhaifu mara 6,000 kuliko betri yake ya volti 9, tena inapewa sehemu moja ya kumi ya sekunde kufanya kazi.

Vifaa vya aina hii huuzwa pia kwa madai ya kuzuia ukoko mweupe wa chokaa kwenye mabomba na birika. Hilo ni suala jingine, na majaribio ya watafiti yamekuwa yakipingana. Tope la Luiche siyo chokaa, na hakuna upande wowote wa mabishano hayo unaoweza kuliokoa dai la kuvuta tope.

Nisingependa msomaji aondoke akidhani sumaku haina nafasi ndani ya vimiminika. Ina nafasi kubwa, pale masharti yake yanapotimizwa: chembe yenye usumaku wa kweli, na uga unaobadilika ghafla. Viwanda vinavyosafisha udongo mweupe wa kaolini kwa ajili ya karatasi na vyombo vya kauri huondoa uchafu wenye chuma kwa kupitisha uji wa udongo kwenye mtungi uliojazwa nyuzi nyembamba za chuma cha pua, ndani ya sumaku ya umeme inayofika tesla 2 hivi. Kila uzi huwa ncha ya sumaku, na kwa kuwa ni mwembamba, uga hubadilika ndani ya sehemu ndogo ya milimita. Kani hapo ni zaidi ya mara elfu kumi ya ile ya bombani, na uji hupitishwa polepole. Mwaka 1963 Steve Papell wa NASA alitengeneza mafuta ya roketi yenye chembechembe ndogo mno za magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa sana na sumaku, ili yavutwe kwa sumaku ndani ya chombo cha angani, mahali ambapo hakuna uzito wa kuyashusha. Na mashine nyingi za hospitali zinazopima wingi wa virusi vya UKIMWI hukamata chembe za urithi za kirusi kwa vipunje vyenye magnetaiti ndani: damu huchanganywa, sumaku husogezwa, vipunje hukimbilia ukutani na uchafu huoshwa. Katika mifano yote hii mtu ameiweka magnetaiti kwenye chembe kwa makusudi, au ametengeneza uga mkali uliokusudiwa.

Tulikausha tope la tanki, tukalisaga, tukapitisha sumaku juu yake chini ya karatasi. Zilifuata chembe nyeusi chache, nzito, za aina ambayo ingezama yenyewe ndani ya dakika. Wekundu ulibaki ulipo. Hizo sumaku zenyewe sasa zimewekwa kwenye mdomo wa mashine ya kukamulia, ambako hunasa vipande vya chuma vinavyokwanguka kwenye parafujo. Ni kazi inayozifaa.

Kuziacha zishikane

Mwenyekiti aliuliza swali lililokuwa sahihi kabisa: basi tununue betri kubwa?

Tulijaribu kwenye chombo cha kioo, kwa vijiti vya kaboni vilivyotolewa kwenye betri kuukuu za redio. Sentimita 5 kati yake, volti 12 kutoka betri ya sola. Kwa hesabu chembe zinahitaji karibu saa tatu kuvuka, na kweli baada ya muda huo kijiti chanya kilikuwa kimevikwa utando mwekundu ulioshikamana. Viwanda vya magari hupaka rangi ya kwanza kwenye bodi kwa kanuni hii. Lakini kwa pipa la lita 200 haifai. Umbali ni mkubwa, muda ni mrefu, na umeme mwingi unaishia kutengeneza mapovu.

Tukabadilisha vijiti tu, tukaweka vipande viwili vya bati la alumini, na tabia ya maji ikawa nyingine. Baada ya muda mfupi maji yote, hata mbali na bati, yalianza kuwa na vifundo, vifundo vikaungana, vikaanza kushuka kama… la, niseme wazi: vilishuka kwa kuonekana kwa macho, na nyuma yake maji yakabaki angavu. Umeme haukuzisukuma chembe zifike popote. Uliyeyusha alumini kutoka bati chanya, na alumini iliyoyeyuka ina chaji tatu chanya. Chaji hizo ziliuvunja ule ulinzi wa chembe, na alumini iliyobaki ikageuka utandotando laini unaozoa chembe wakati wa kushuka.

Nguvu ya chaji tatu si jambo dogo. Hans Schulze aligundua mwaka 1882 kwamba ioni yenye chaji nyingi zaidi huzigandisha chembe kwa kiasi kidogo zaidi, na William Hardy akaifafanua kanuni hiyo mwaka 1900: kinachohesabika ni ioni yenye chaji iliyo kinyume na ya chembe. Nadharia ya akina Derjaguin ilipokuja ikatoa namba: panapohitajika ioni 729 zenye chaji moja, kama sodiamu, zinatosha 11 au 12 zenye chaji mbili, na 1 yenye chaji tatu. Anayetoka Ujiji kwa boti msimu wa mvua huona maji mekundu ya Luiche yakiingia ziwani, na kupita hapo Tanganyika inarudi kuwa angavu. Maji ya ziwa hili yana magnesiamu, ioni ya chaji mbili, karibu miligramu 40 kwa lita. Siyo sababu pekee ya tope kuishia karibu na pwani, utulivu na kina vina sehemu yake, ila ni sababu mojawapo.

Alumini yenye chaji tatu haihitaji betri. Ipo kwenye shabu, jiwe lile lile linalopakwa na vinyozi, linalouzwa sokoni na kwenye maduka ya dawa za asili. Na akina mama wawili watatu wenye umri mkubwa walisema hili si jipya kwao, mama zao waliliburuza jiwe la shabu ndani ya mtungi. Mbegu za mlonge zina uwezo huo pia: ndani yake mna protini ndogo yenye chaji chanya, nayo huufunga udongo. Mtaalamu Samia Al Azharia Jahn aliandika kwa kina jinsi wanawake wa Sudani walivyosafisha maji ya Nile kwa mbegu hizo. Mlonge una kasoro moja: huacha majini mabaki ya mbegu ambayo ni chakula cha bakteria, hivyo maji yake yatumike siku hiyo hiyo.

Kipimo tulikipata hivi. Gramu 10 za shabu iliyo angavu, isiyo na rangi, ziliyeyushwa kwenye lita 1 ya maji safi, kwa hiyo kila mililita ikawa na miligramu 10. Makopo matano ya lita moja moja ya maji ya mto yakatiwa mililita 2, 4, 6, 8 na 10, kwa bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa. Yakakorogwa kwa nguvu dakika moja, kisha polepole sana kama dakika kumi na tano ili vifundo viungane bila kuvunjika, yakaachwa. Kopo la mililita 2 lilibaki jekundu. La 4 lilijitahidi. La 6 lilikuwa angavu, na ya 8 na 10 hayakulizidi. Kwa pipa la lita 200 hiyo ni gramu 12 za shabu. Kuzidisha hakusaidii: chaji chanya zikiwa nyingi mno chembe hugeuka kuwa chanya zenyewe, zikaanza tena kusukumana, na shabu nyingi huyafanya maji yawe na uchachu.

Kwa bati na betri, pipa hilo hilo lingehitaji gramu 0.68 ya alumini. Ampia 1 kwa saa 1 huyeyusha gramu 0.34, kwa hiyo ni ampia-saa 2, na betri ya sola inazo. Tatizo ni kwamba maji ya mto yana chumvi kidogo na hupitisha umeme kwa shida. Kwa upitishaji wa mikrosimensi 100 kwa sentimita, bati mbili za ukubwa wa daftari zilizoachana sentimita 1 hupitisha ampia 0.3 au zaidi kidogo, kwa hiyo pipa moja ni kazi ya karibu saa saba. Bati huvaa ganda jeupe na lazima waya zigeuzwe mara kwa mara, na upande hasi hutoa haidrojeni ambayo haitakiwi chumbani penye moto wa kuchemshia chikichi. Inafaa mahali pasipo na duka la shabu. Hapa Kigoma duka lipo.

Kikundi kimechagua shabu. Nilisisitiza jambo moja mpaka nikaonekana nasumbua: maji angavu yanaweza kubeba kipindupindu kama maji mekundu. Kigoma tuliona mwaka 2015 kule Kagunga, wakimbizi wa Burundi walipojazana ufukweni, maji ya ziwa yakinyweka kwa macho. Vifundo huzama na vijidudu vingi, lakini si vyote. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini baada ya kutulia, na hapo ndipo kuondoa tope kunapolipa zaidi, kwa sababu tope hula klorini na kuwaficha vijidudu.

Gramu 12 ni za tope la siku ile. Mvua kubwa ikinyesha milimani mhazini hurudia makopo matano na kuandika kipimo kwenye daftari la kikundi, karibu na hesabu za madumu. Kinachobaki kuamuliwa ni mahali pa kumwaga tope la chini ya mapipa, ambalo sasa lina alumini ndani yake. Mwenyekiti anataka shimo lichimbwe upande wa juu wa barabara, mbali na mto, na kijana wa kulichimba ameshatafutwa.